Oili chafu ya boti itolewe kwa juu, na tupewe mahali pa kuipeleka

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee habari ya oili ya injini, ile nyeusi sisi huku tunaita oili chafu. Naongea kama mtu ambaye ameitoa kwa boti za hapa Kisumu karibu miaka ishirini sasa. Kila mara watu wakiona ule utando wa rangi rangi juu ya maji pale ufuoni wanasema mafundi ni watu wabaya, mafundi hawajali ziwa, na viongozi wakija kwa mkutano wanarudia hivyo hivyo. Kuna fundi anayebeba mtungi akamwaga ziwani usiku na huyo sitamtetea. Lakini oili nyingi haifiki ziwani hivyo, inafika kwa sababu ya vile injini imekaa ndani ya boti, na wanaotuhubiria wengi hawajawahi kuingiza kichwa chini ya sakafu ya boti wakaona ile nafasi tunafanyia kazi.

Watu wengi wanajua ile mashini ya petroli ya kubandika nyuma, ile wavuvi wa mbuta na omena wanatumia. Hiyo unaifungua, mnaibeba watu wawili mpaka nchi kavu, unaifanyia kazi ukiwa umesimama wima. Mimi naongea juu ya injini ya ndani, ya dizeli, iliyofungwa chini ya sakafu kwa boti kubwa za mizigo na yale mabasi ya majini kama yanayovuka Luanda K'Otieno kwenda Mbita. Zingine ni injini zilizotoka kwa lori, zikabadilishwa kidogo zipozwe na maji ya ziwa, zikaendelea na maisha.

Sasa gari ukitaka kulibadilisha oili unaingia chini, unaweka karai, unafungua ile bolti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, unaenda kunywa chai ukirudi oili imeisha. Boti haina chini ya kuingia. Chini ya injini ni mbao, na chini ya mbao ni ziwa. Injini imelala juu ya boriti mbili nene, sampu imening'inia katikati ya hizo boriti, na ile bolti inaangalia mbao za chini, nafasi iliyobaki unapitisha kiganja kikiwa kimelala lakini ngumi haipiti, basi karai nalo litapita wapi? Bolti yenyewe huioni, unaitafuta kwa vidole kama mtu anayetafuta shilingi chini ya kabati. Umelala kifudifudi, kifua kiko juu ya ekzosti ambayo haijapoa vizuri, kichwa kiko chini kuliko miguu, jasho linaingia machoni, na spana ikigeuka mara moja inagonga boriti unaitoa unaipachika tena, ikigeuka inagonga tena. Ukifanikiwa kuilegeza, ile nyuzi ya mwisho ikiachia, oili moto inatoka kwa nguvu juu ya mkono wako na huna pa kuukimbizia.

Hiyo oili inaangukia wapi? Inaangukia kwa tumbo la boti, pale mahali pa chini kabisa maji yote yanakusanyika, watu wa Pwani wanaita ngama. Na kwa ngama ndiyo kuna pampu ya kutoa maji, nyingi siku hizi zina kile kidude cha kuelea ambacho maji yakipanda kinaiwasha chenyewe bila mtu kugusa swichi. Pampu haijui kutofautisha maji na oili. Ikishawaka inatupa nje kila kitu kilichoko, kupitia kwa tundu lililo ubavuni mwa boti, moja kwa moja ziwani.

Mwaka wangu wa pili kwa hii kazi ndivyo ilinitokea. Nilikata mtungi wa lita tano nikaulaza ubavu ili upite chini ya sampu, nikafungua bolti, mtungi ukajaa haraka kuliko nilivyofikiria juu injini ilikuwa na karibu lita kumi na mimi nimetega chombo cha lita mbili, na wakati navuta mtungi ukapinduka. Nilikuwa bado nimelala pale chini nikasikia ile sauti, vuuu, pampu imejiwasha. Nilivyotoka nikakimbilia swichi tayari ilikuwa imechelewa, upande wa kushoto wa boti kulikuwa na mkeka mweusi unaenda polepole kwa mafunjo, na pale kwa mafunjo alikuwa amesimama mama mmoja mzee na ndoo. Hakunigombeza. Aliangalia maji, akaniangalia mimi, akasema, "Nyathina, mwanangu, si hii ndiyo nimekuja kuchota?" Nikamwambia, "Nisamehe dani, bibi yangu, imeniponyoka." Akabeba ndoo yake tupu akaenda kutafuta upande mwingine. Hiyo ndoo tupu naiona mpaka leo, na barua hii imetoka hapo.

Mtu anaweza kusema lita tatu nne za oili kwa ziwa kubwa hivi ni nini. Waliosoma sekondari wanakumbuka ile jaribio la fizikia, trei ya maji imenyunyiziwa unga mwepesi juu, mwalimu anadondosha tone moja dogo sana la mafuta na unga unakimbia pembeni mpaka duara kubwa linabaki wazi katikati ya trei. Tone moja. Oili haitaki kukaa pamoja, ikishika maji inatanuka mpaka inakuwa nyembamba kuliko kitu chochote unaweza kushika. Halafu sisi hatuko kwa ziwa lililo wazi, tuko ndani ya ghuba, Ghuba ya Winam, maji yake si marefu na yanapumua kupitia ule mlango mwembamba wa upande wa Rusinga, ndiyo maana hata ule ukuta wa barabara wa Mbita ulikuja kutobolewa ukajengewa daraja ili maji yapite. Kitu ukikitupa huku Kisumu hakiendi mbali haraka. Na pale Dunga, karibu na mafunjo ambayo watu wanatoka nchi za nje kuja kuangalia ndege wake, ndipo maji ya mabomba ya mji yanavutwa. Wenye vizimba vya ngege nao wako humo humo kwa ghuba. Na sisi wa ufuoni tunakumbuka 1999, Ulaya walipofunga mlango kwa samaki wa ziwa hili kwa sababu ya watu waliokuwa wanavua kwa sumu, vile bei ya mbuta ilianguka na nani aliumia.

Basi dawa iko, na si kitu kigeni. Oili itolewe kwa juu.

Kila injini ina dipstiki, ile fimbo ya kupima oili, na dipstiki inaingia kwa bomba linaloshuka mpaka kwa sampu. Unatoa dipstiki, unapitisha hapo paipu nyembamba ya plastiki ngumu, milimita sita hivi, unaisukuma mpaka uisikie imegusa chini, unaunganisha na pampu ya kunyonya, oili inapanda yenyewe inaingia kwa mtungi. Hakuna bolti, hakuna kulala juu ya ekzosti, hakuna tone kwa ngama. Kuna pampu za mkono ambazo zina tangi lake, unapiga mara kadhaa unajenga mvuto halafu unaacha, kuna zile ndogo za shaba za kuvuta na kusukuma, na kuna za umeme za volti 12 unazibana kwa betri ya boti yenyewe. Yangu ni ya mkono na lita kumi inamaliza kwa kama dakika ishirini, saa zingine zaidi kidogo.

Lakini lazima oili iwe na joto. Hapa ndipo vijana wengi wanakata tamaa na pampu, wanaijaribu asubuhi injini ikiwa baridi, oili ni nzito kama asali, paipu inakauka mvuto, wanasema pampu ni mbaya wanarudi kwa bolti. Washa injini dakika kumi, kumi na tano, izime, ngoja kidogo ishuke yote kwa sampu, ukigusa sampu kwa mkono uisikie moto lakini mkono unavumilia, hapo ndiyo wakati wake. Ikiwa moto kupita hapo paipu ya plastiki inalainika inajibana na wewe unaweza kuungua. Tena joto linakorogea ule uchafu ndani ya oili utoke nayo, ikiwa baridi uchafu unabaki umelala chini. Na ule mdomo wa paipu ukate mshazari, ukiukata wima utajibandika kwa sakafu ya sampu kama kikombe na hautanyonya kitu, utakaa hapo unapiga pampu mpaka mkono uume. Tafadhali pia mtu asinyonye na mdomo. Naona vijana wanafanya kama vile wanavyovuta petroli na hosi paipu, oili iliyotumika ina vyuma na masizi ndani yake, na kuishika kwa mikono mitupu miaka na miaka kunaweza kukuletea saratani ya ngozi, sasa mdomo je. Glavu si za kuringia.

Wazee wa kazi wana neno moja ambalo wanalirudia na ni la haki, wanasema kunyonya kwa juu hakumalizi oili. Ni kweli. Injini ya boti haijakaa sawa kama ya gari, imeinama nyuma kufuata shafti inayoshuka kwenda kwa propela, kwa hiyo oili inakusanyika upande wa nyuma wa sampu na kama bomba la dipstiki liko mbele paipu haitafika pale penye dimbwi. Aliyenifundisha kazi, jaduong', yaani mzee, ambaye alikuwa ameshika spana kwa meli tangu ujana wake, alikuwa anaita watu watatu wanne wasimame puani mwa boti, au anahamisha magunia mbele, boti inainamia mbele kidogo, oili inatembea inakuja kwa paipu. Nilikuwa nadhani ni mambo ya wazee mpaka siku nilipopima. Nimechora mistari ya lita kwa mtungi mweupe kwa kalamu ya maka, kila nikinyonya najua imetoka ngapi, na kwa boti moja ile kuhamisha watu tu iliongeza karibu nusu lita. Ukipata lita tisa na nusu kwa injini ya lita kumi umefanya kazi, hiyo nusu iliyobaki haitaua injini kama unabadilisha kwa wakati.

Huo mtungi wa mistari nao unakuambia siri za injini. Ikitoka oili zaidi ya ile uliyoweka, kuna kitu kinaingia, dizeli inavuja ama maji. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa ni maji, na usiweke oili mpya ukaondoka, tafuta yanapoingilia. Hii ya maji huku kwetu ni muhimu sana juu ya gugu maji, likija kwa wingi linaziba pale injini inavuta maji ya kujipoza, injini inachemka, gasketi inachoka, halafu mwenye boti anashangaa.

Kwa wenye boti ambao wanaweza kutumia pesa kidogo zaidi kuna njia bora kuliko hata pampu ya dipstiki. Siku boti imevutwa nchi kavu au injini imeinuliwa, ile bolti ya sampu inatolewa inawekwa kiungo chenye hosi, hosi inapandishwa juu inafungwa mahali mkono unafika, mdomo wake unazibwa na kifuniko cha nyuzi. Siku ya kubadilisha oili unafungua kifuniko unaunganisha pampu, unatoa kutoka sehemu ya chini kabisa bila kuinama. Lakini hapa naomba watu wasifanye mchezo, hosi iwe ya kuvumilia oili na moto, isiwe ya kumwagilia sukuma, ibanwe na klipu mbili, ipite mbali na ekzosti na mikanda, manake ikipasuka katikati ya safari injini inapoteza oili yote kwa dakika chache na mna abiria ndani na mawimbi ya jioni yanakuja.

Filta nayo ni vita yake. Kwa injini nyingi imekaa ubavu, ukiilegeza tu inamwaga kikombe kizima kabla hujaitoa. Zamani tulikuwa tunaivisha mfuko wa plastiki, tangu mifuko ipigwe marufuku 2017 mimi nakata chupa kubwa ya maji nusu, naipachika chini yake, na chini ya chupa natandika pampasi ya mtoto, hakuna kitu kinanyonya oili kama pampasi. Unailegeza robo, unasimama, unaacha ichuruzike, halafu unamalizia na mkono. Angalia ule mpira wa zamani umetoka na filta, usibaki umeng'ang'ania kwa injini, ukifunga mpya juu yake mipira inakuwa miwili na injini ikiwaka itasukuma oili yote nje na utakuwa umeirudisha kwa ngama, pale pale ulitaka kupakimbia. Mpira mpya unaupaka oili kidogo, unakaza na mkono mpaka uguse, unaongeza robo tatu ya mzunguko, basi.

Na kabla ya hayo yote, kabla hata ya kutoa spana kwa begi, zima pampu ya ngama. Chomoa waya wake. Kila kijana anayekuja kujifunza kwangu hilo ndilo la kwanza, halafu ufunguo wa injini anaweka mfukoni mwake ili mtu asije akawasha injini haina oili. Wiki iliyopita nilimuuliza mmoja, "Kijana, pampu?" akanijibu, "Nimechomoa fundi, waya ndio huu," akanionyesha ameuning'iniza kwa usukani ili asisahau kuurudisha pia, juu boti isiyo na pampu nayo inazama. Kama kitu kimemwagika kwa ngama kinakamuliwa na tambara ama kinanyweshwa vumbi la mbao, hapa ufuoni waunda boti wanalo tele. Kisimwagiwe sabuni ya unga. Hii tabia ya sabuni naiona kila mahali, mtu anamwaga sabuni anakoroga, oili inapotea machoni, anaona amesafisha, kumbe ameivunja vipande vidogo vidogo vikachanganyika na maji na sasa hakuna mtu anaweza kuikusanya tena, anawasha pampu yote inaenda na povu.

Sasa Mhariri nafika pale mimi mwenyewe nimekwama. Nimetoa oili vizuri, kwa juu, iko kwa mtungi, haijadondoka. Naipeleka wapi?

Ufuoni wanaoitaka hawakosi. Wa kwanza anataka kupaka nguzo za boma mchwa wasile, mwingine anataka ya msumeno wa kukata miti, mwingine amwage mbele ya duka vumbi lisipande, na nimeona hata anayempaka ng'ombe mwenye upele. Nilikuwa nawapa wote nikidhani nimesaidia. Lakini nguzo ikinyeshewa oili inashuka kwa udongo, udongo unashuka kwa mtaro, mtaro unashuka kwa ziwa, ni kama nimeizungusha tu safari ndefu. Sheria ya mazingira ya 1999 inakataza kumwaga oili kwa maji na kwa mazingira, na wanaoruhusiwa kubeba takataka kama hii ni wenye leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira ya taifa. Sawa. Hao wenye leseni wanaenda kwa gereji kubwa za mjini zenye mapipa mengi, hawawezi kuja ufuoni kuchukua mtungi mmoja wa lita kumi kwa fundi mmoja.

Tupige hesabu kidogo. Injini nyingi kitabu chake kinataka oili ibadilishwe kati ya saa 100 na 250. Boti inayofanya kazi saa nane kwa siku inamaliza karibu saa 250 kwa mwezi mmoja. Kama inabeba lita kumi, kwa mwaka ni lita 120, boti mbili tu zinajaza pipa la lita 210 na kuzidi. Kwa hiyo ufuo wenye boti tano sita za namna hii unajaza karibu mapipa matatu ama zaidi kwa mwaka, na hiyo tayari ni kitu ambacho mwenye leseni anaweza kutuma gari kuchukua.

Ninachoomba ni pipa. Pipa moja kwa kila ufuo wenye boti za injini ya ndani, liwe chini ya paa, liwe na kifuniko na funeli pana na kizingiti cha saruji kulizunguka ili likivuja lisiende, ufunguo ukae na BMU, ile kamati ya kusimamia ufuo, na kaunti ifanye mpango na mwenye leseni awe anakuja likijaa. Na liwekwe juu, mbali na maji. Sote tuliona 2020 vile ziwa lilipanda likala vibanda na njia na miti ya ufuoni, pipa la oili likiwekwa pale chini kwa sababu ni karibu, siku maji yakirudi yatabeba pipa zima na tutakuwa tumekusanya mwaka mzima ili tumwage siku moja. Pamoja na pipa, pampu moja ya kunyonya ya ufuo. Fundi mchanga anayelipwa kwa siku hawezi kununua yake, na mwenye boti anaona kwa nini anunue kitu anachotumia mara moja kwa mwezi, lakini BMU inaweza kununua moja ikaikodisha kwa bei ya soda na ndani ya muda mfupi imejilipa.

Wale wa Kenya Maritime Authority wanapokuja kukagua boti wanahesabu jaketi za kuokolea maisha, na wafanye hivyo kabisa, watu wamekufa kwa hili ziwa bila jaketi. Ninaomba pia wainue ubao mmoja wa sakafu waangalie ngama. Ngama nyeusi inaonekana na kunuka hata bila tochi. Wamuulize mwenye boti oili ya mwisho ilitoka kwa njia gani na ikaenda wapi. Akijua ataulizwa mwaka ujao, atamnunulia fundi wake paipu.

Na kwa wenye boti, nawaheshimu, nyinyi ndio mnatupa kazi, lakini msitupigie simu saa kumi na mbili jioni kwamba boti inataka kutoka alfajiri na oili ibadilishwe usiku kwa tochi ya simu. Hiyo haraka ndiyo inafanya mtu afungue bolti na kuacha pampu ya ngama ifanye kazi yake. Tupeni nusu siku.

Mimi nina pipa langu nyumbani, nimelinunua mwenyewe, liko kwa kibanda nyuma ya nyumba mbali na jiko, nimelifunga na kufuli kwa sababu ya watoto. Jana nimepima na kijiti, limefika robo tatu. Kwa mwendo wa kazi ya sasa litajaa kabla ya mvua za masika, na sijajua nitalipeleka wapi.

Fundi wa boti,
Kisumu